Bakuli Lililorudi Tupu

Wajukuu wa ndugu zangu wakinisikia nimeanza habari za mkate huangaliana, halafu mmoja husema, "Bibi, mkate ni mkate tu." Sijui nani aliwafundisha neno hilo. Nimezaliwa Bwejuu, nimeolewa Kirongwe, nimeachwa na nimezeeka, na mambo yote hayo yametokana na kitu kilichopakwa juu ya mkate. Kwa hiyo mtu asije akaniambia mkate ni mkate tu, hasa asubuhi kabla sijanywa kahawa.

Kwetu mkate ulikuwa mofa. Ni unga wa mtama uliochachushwa kwa tembo tamu, maji ya mnazi yaliyogemwa, ukabandikwa kwenye kuta za tanuri la udongo mpaka ukaiva. Mofa ya moto kila mtu anaijua. Mama yangu yeye aliuza mofa ya jana. Aliipasua katikati na kuichoma juu ya makaa ya vifuu vya nazi hadi ikafanya madoa meusi na kulia ikivunjwa. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa hiyo, pale wanapovutia ngalawa, kila alfajiri baada ya sala. Wavuvi walikula kabla ya kutoka, na walioingia walikula wakirudi.

Mkate mkavu unataka kitu juu yake, na hapo ndipo utamjua mtu. Wako waliotaka tui zito lenye chumvi. Wako waliotaka shata, ile kahawia inayobaki chunguni mafuta ya nazi yakishachujwa, na hawa walikuwa watu wazuri, hawana makuu. Mzee mmoja alitaka asali ya tembo, ile ya mnazi, na pilipili kwa pamoja, wakamcheka maisha yake yote, akaendelea kula. Mama alikuwa na pweza wa kuchoma aliyetwangwa mpaka akawa nyuzinyuzi. Alikuwa na mayai ya chewa yaliyokandwa kwa ndimu. Yote hayo alikuwa nayo siku yoyote, ila kimoja kilikuwa cha bahati: maini ya taa, yule samaki bapa mwenye mkia kama mjeledi.

Maini ya taa hayapikwi na mtu mwenye haraka. Unatoa nyongo usiipasue, ikipasuka umeshaharibu kila kitu. Unayaweka chunguni bila maji, moto mdogo, yanatoa mafuta yake. Mafuta hayo ya kwanza unayamwaga kando, hayo ndiyo sifa, watu wanapaka vyombo vya baharini ili mbao zisiliwe na maji, na yananuka mpaka mtu wa bara akazimia. Yanayobaki chini ni maini yenyewe, laini, hayana harufu ya kumtisha mtu. Unayaponda na kitunguu saumu, pilipili mbichi, chumvi na ndimu nyingi, halafu unapaka mkate ungali moto. Kwetu maini ya taa yalikuwa heshima. Bwana harusi alipewa na mkwewe siku ya saba ya fungate, kuwa sasa amekuwa mtoto wa nyumba. Hakuna chakula cha juu kuliko hicho, na mimi sijaona bado.

Mume wangu alikuja Bwejuu kununua papa mkavu kwa biashara ya baba yake. Alikuwa kijana mzuri, sitadanganya, ana nywele za upande wa Omani na kanzu isiyojua jasho. Akakaa kwa mama, akapewa mofa yenye maini kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Alikula, akakomba kidole. Akaomba nyingine. Wiki iliyofuata alirudi, na papa hatukuwa naye. Akaja tena, na tena, mpaka wavuvi wakaanza kumtania kwamba anavua nchi kavu. Mwisho akaleta posa. Watu wakasema amenipenda mimi. Mimi nilikuwa mjinga wa miaka yangu, nikasema hivyohivyo.

Mamake hakunitaka, na hakuficha. Alikuwa mwanamke wa adabu, naye adabu aliishika kama mwingine anavyoshika fimbo. Hakulala mchana, hakuongea akitafuna, hakukubali mwanawe alale Bwejuu hata siku moja, kwa hiyo fungate yangu ililiwa kwao Kirongwe, kinyume cha desturi. Kwake mkate ulikuwa wa ngano. Uliokwa, ukachomwa tena, ukapakwa samli ya ng'ombe wao na asali ya nyuki. Ni chakula kitamu, na siwezi kukisema vibaya. Kilichoniudhi ni vile alivyonitazama nikikila, kama mtu aliyempa mbuzi zulia.

Siku ya saba mama yangu akaja. Wangepaswa kuja mashangazi, lakini baba hakuacha dada, na mama yangu mdogo alikuwa na mimba kubwa. Kwa hiyo alikuja peke yake. Alivuka kwa ngalawa, akatembea na mzigo kichwani njia yote mpaka Kirongwe, katika jua. Mofa aliifunga kwenye kitambaa. Maini aliyatia katika bakuli la kauri lenye maua ya buluu, bakuli la pekee alilokuwa nalo, akalifunika kawa. Mimi bi harusi nilikuwa chumbani, siruhusiwi kutoka, nimepakwa hina mpaka vifundoni. Nilimwona kwa upenyo wa dirisha la uani. Hawakumpeleka barazani. Walimkalisha uani karibu na kinu, akakunja miguu, akajipangusa uso, akatabasamu peke yake.

Mama mkwe akafunua kawa. Akaziba pua kwa upande wa mtandio.

"Hii si sifa hii?" aliuliza. "Mwanangu amekuwa jahazi, apakwe sifa?"

"Si sifa, dada yangu," mama alimjibu. "Sifa nimeimwaga. Haya ni maini. Kwetu ndiyo ya mkwe."

"Kwenu," alisema mama mkwe.

Kisha akamwita mwanawe. Alikuja, akaliona bakuli, na mimi nikiwa dirishani nilimwona alivyomeza mate. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, sasa atasema. Aliyekula pale ufukweni mpaka wavuvi wakamtania, atamwambia mamake, "Mama, hiki ni chakula, nakijua." Mamake akamkabidhi bakuli kwa ncha za vidole.

"Kawape paka," akamwambia.

Akalipokea. Akazunguka nalo nyuma ya jiko, na kile kitambaa cha mofa kwapani. Alikaa huko kitambo.

"Paka wamekula?" mamake alimuuliza aliporudi.

"Wamekula, mama."

Hapa lazima nieleze jambo, maana vijana wa siku hizi wanarudisha vyombo ovyo. Ukiletewa chakula, chombo hakirudi kitupu. Huna kitu, unatia ndimu mbili. Huna ndimu, unatia chumvi. Ni njia ya kusema tumekula na tumeshukuru, wewe ni mtu na sisi ni watu. Chombo kinarudi kitupu kwa jambo moja tu: chakula kimekataliwa, hakikuingia mdomoni mwa mtu wa nyumba hii. Mama yangu alijua hivyo. Ndiyo sababu alikaa pale kwenye kinu akingoja, hakuwa na haraka, kwa kuwa aliyajua maini yake kuwa mazuri.

Mjakazi akalisugua bakuli kwa majivu, akalisuuza, akampelekea pamoja na kitambaa chake. Mama akatazama ndani. Akaligeuza, akatazama chini yake, sijui alidhani kuna kitu kimeng'ang'ania huko. Kisha akasema, "Ahsanteni," akalifunga kwenye kitambaa, akaondoka bila kuniona. Mengine yote ningeweza kuyasahau. Hiyo ahsante imenikaa kooni mpaka leo.

Alasiri mume wangu aliingia chumbani. Kidevu kilikuwa kinang'aa kwa mafuta, na pumzi yake ilikuwa kitunguu saumu na ndimu.

"Paka ni wewe," nilimwambia.

"Punguza sauti. Mama atasikia."

"Asikie! Umekula chakula cha mama yangu chote, halafu umemwachia bakuli tupu?"

"Nitamwambia. Nipe muda. Unamjua alivyo."

Nilimpa muda. Nilimpa muda mpaka nywele zangu zikaanza kunyonyoka. Kila taa alipopatikana pwani ya Kiegeani alinunua maini kwa siri, akaniletea ndani ya jani la mgomba, na mimi nikapika nyuma ya banda la makumbi ya nazi, moshi mbele, moshi nyuma. Yeye alichuchumaa pale akila, macho njiani. Mama mkwe akipita huziba pua. "Nyumba yangu imekuwa bandari," alikuwa akisema. "Tumeoa Bwejuu, tumeoa na harufu yake." Mume wangu alisikia hayo mdomo umejaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nakipikia.

Sikutaka mengi. Sikutaka mamake anipende. Nilitaka mwanamume yule aseme maneno matatu, "Mimi ndiye niliyekula," basi. Akiyasema hayo tu, bakuli la mama yangu lazima lijazwe, kwa kuwa mama mkwe kwa adabu zake asingeweza kulala akijua chombo cha mtu kimetoka kwake kitupu na chakula kimeliwa. Nilimjua. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mwizi. Mwizi alikuwa mwanawe.

Nilipokwenda kumsalimu mama Bwejuu nililikuta bakuli limefudikizwa, mdomo chini, juu ya uchaga wa jikoni. Hakulitumia tena. Wageni wakija, hata kama hakuna chombo kingine, alipakulia kwenye kifuu.

"Mama, ligeuze tu, litumie," nilimwambia.

"Litageuzwa na watakaolijaza," alinijibu. "Mimi si mtu wa kulisha paka wa watu."

Alilisema hilo mara moja tu, akarudi kwenye makaa yake.

Ikafika Idi moja ambayo nilikuwa nimechoka. Jamaa wa nyumba walikuwa wamekusanyika ndani, ami zake, wajomba, wake zao, na mama mkwe kati yao na mtandio mpya. Mkate wa ngano ulikuwa juu ya sinia, samli inameremeta. Nikaingia na sahani yangu. Mofa iliyochomwa, maini ya taa yamepakwa juu mpaka pembeni, kama mama alivyofanya. Niliiweka mbele ya mume wangu.

"Kula, bwana," nilimwambia. "Leo ule mbele za watu, si nyuma ya banda."

Ami yake mmoja aliangalia sahani, nadhani kwa kutamani. Mume wangu akamtazama mamake. Kisha akanitazama mimi, na jicho lake lilikuwa linaniomba, kana kwamba mimi ndiye ninayemwonea.

"Vitu hivi mimi sijapata kuvitia mdomoni," alisema.

Nilicheka. Wallahi nilicheka kwa nguvu hata nikamwaga maji ya kunawia.

"Basi niache," nikamwambia. "Mwanamume mzima unaukana mkate! Kesho utanikana mimi, kesho kutwa utawakana watoto tukijaliwa. Niache nikiwa bado najijua."

Aliniacha palepale. Talaka aliitamka bila kigugumizi, yeye aliyeshindwa kwa miaka kutaja alichokula. Nilichukua mkeka wangu na nguo zangu. Ile sahani nilimwachia ami.

Mama hakuniuliza kitu. Alinichomea mofa, akaipaka shata, akanisukumia. Tukauza mikate pamoja ufukweni, na huo ulikuwa wakati mzuri, nakiri, ingawa nilikuwa mkali kwa wateja na wengine wakahama. Kisha mama akashikwa na homa, ikamla polepole, akafa. Siku za mwisho alikuwa hawezi kula, lakini macho yake yalikuwa yanakwenda uchagani. Bakuli lilikuwa bado limefudikizwa. Nilipokuwa nikimwosha na wanawake wenzangu sikulia. Nilikuwa nimekasirika mno.

Halafu ikaja vita ya Wazungu. Ya Wajerumani na Waingereza mengi yamesemwa na waliosoma, mimi nitasema yaliyofika jikoni. Ngano haikuja. Mchele haukuonekana. Ng'ombe walichukuliwa na askari, wa Mjerumani kwanza, wa Mwingereza baadaye, na wanaume walikamatwa kwenda bara kubeba mizigo. Watu wenye samli wakawa hawana samli. Bahari haikuchukuliwa. Nami niliendelea kuchoma mofa ukipatikana mtama, na ukikosekana nilichoma muhogo, nikapaka juu kile nilichopewa na bahari.

Asubuhi moja nilikuwa nimeinama kwenye makaa nikaona miguu imesimama mbele yangu. Miguu ya mtu mzima, ina vumbi la njia ndefu. Nikainua macho. Alikuwa mama mkwe. Mtandio wake ulikuwa umefifia, na amekonda hata pete zimemtoka vidoleni. Adabu ni adabu, hata kwa adui.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Sikumkaribisha. Alisimama, kisha akakaa mwenyewe mchangani, mwanamke ambaye sikupata kumwona amekaa chini bila mkeka. Akaniambia kwamba mwanawe alikamatwa kubeba mizigo bara, na amerejea akiwa hai lakini tumbo limekataa kila kitu. Uji anautapika. Ndizi hataki.

"Anataka mkate wako," alisema. "Ule wa maini."

"Lakini hajapata kuutia mdomoni," nilijibu.

Alipokea neno hilo bila kufumba macho.

"Ameniambia," alisema. "Yote ameniambia. Ya nyuma ya banda. Na ya siku ile, kuwa hakuwapa paka." Akachezea mchanga. "Mimi nilirudisha chombo kitupu kwa kuwa nilijua chakula hakikuliwa. Kumbe kimeliwa. Mama yako yuko wapi, nimwombe radhi?"

Nilimwonyesha upande wa makaburi kwa koleo la makaa. Kama ningefungua mdomo ningemtukana, na yeye akiwa mama mtu mzima, amekaa mchangani. Aliona nilikoonyesha. Akasema inna lillahi, akajifunika uso.

Hasira yangu ilikuwa na miaka, na nilikuwa nimeiandalia maneno. Mengi, tena makali, nilikuwa nikiyarudia nikiokota vifuu, nikichota maji. Sasa aliyestahili kuyasikia yuko mbele yangu. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli. Yeye alishika desturi. Aliyeivunja alikuwa amelala kitandani Kirongwe akinitumia mamake, hata sasa, mamake aseme badala yake.

Bahati mbaya, au nzuri, siku hiyo nilikuwa na maini. Niliyaponda kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilichoma mofa yote niliyokuwa nayo, nikaifunga kwenye kitambaa. Kisha niliingia ndani, nikalitoa bakuli la mama uchagani, nikalipangusa masizi. Lilikuwa na mstari wa vumbi pale lilipogusana na mti. Nikatia maini, nikafunika, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Hili ndilo," nilimwambia.

Akafunua, akatazama maua ya buluu.

"Nyumbani sina samli," alisema. "Sina asali. Sina kitu cha kutia humu."

"Mimi nangoja," nilimjibu. "Mama yangu alingoja kwenye kinu. Nami nitangoja hapa."

Akaondoka nalo kichwani. Nilimtazama mpaka alipofika kwenye ngalawa, nikarudi kwa wateja wangu, nikamfokea wa kwanza aliyeomba tui.

Bakuli likarudi juma lilelile. Alilileta yule mjakazi aliyelisugua kwa majivu siku ile, naye sasa ni mzee. Alilishika kwa mikono miwili, limefunikwa kawa, zito. Nikamuuliza mgonjwa hajambo. Akaniambia alikula. Alikula mbele ya mamake, mbele ya ami zake waliokuja kumwangalia, vipande viwili, akakomba kidole, na akasema kwa sauti ya watu kusikia kwamba ndicho chakula alichokipenda kuliko vyote na kwamba alikuwa akikiiba. Asubuhi ya pili yake akafa.

"Mama amesema lisirudi tupu," mjakazi alisema. "Ni wali wa matanga. Mchele ameuomba kwa majirani."

Nikafunua. Wali ulikuwa umejaa hadi ukingoni, umeshindiliwa kwa mkono. Sikuwa nimeuona wali tangu vita ianze. Nilikaa chini karibu na makaa, na nilikuwa na hasira na maiti, kwa sababu alisema maneno yake mwishowe na mimi sikuwapo kuyasikia, wala mwenye bakuli hakuwapo. Wateja walikuwa wananiita.

Mama yangu alistahili samli. Alipata wali wa matanga, na hata huo niliula mimi.